Asiyekuwapo na lake halipo



Watu wengi huniuliza: «Mwalimu, hiyo falsafa unayoisoma usiku yatufaa nini? Je, huotesha mihogo? Hutengeneza barabara?» Siwakasirikii, maana swali lao ni swali la kweli. Mtu atokaye shambani na mzigo kichwani, naye amelipa ushuru kwenye vizuizi vitatu njiani, ana ruhusa ya kumwuliza msomaji wa vitabu faida ya vitabu vyake. Leo nataka kuwajibu watu hao, nami nawaomba wavumilie nikieleza polepole.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari katika Kivu. Falsafa niliisoma kwanza kwa wajibu, kwa kuwa ilitakiwa shuleni; baadaye nikaendelea nayo kwa kuipenda. Sehemu niliyoishika zaidi ni ile inayouliza juu ya haki kati ya mataifa. Nchi zikisaidiana, zikiuziana mali, zikikopeshana fedha, ni lini twaweza kusema kwamba zimetendeana haki? Tena ni nani mwenye haki ya kuamua mambo hayo? Katika vyuo vikuu huitwa falsafa ya haki na demokrasia katika ushirikiano wa mataifa. Jina ni refu. Lakini jambo lenyewe wazee walilifunga zamani katika maneno manne: Asiyekuwapo na lake halipo.

Maneno mazuri ya Berlin

Tarehe 15 Novemba 1884 wajumbe wa serkali 14 walikutana mjini Berlin, katika Ujerumani. Bismarck, mkuu wa serkali ya nchi hiyo, ndiye aliyewaita. Walikaa mpaka tarehe 26 Februari 1885. Waliongea juu ya mto Kongo na biashara yake, tena juu ya masharti ya taifa la Ulaya kujitwalia pwani za Afrika. Mfalme Leopold II wa Ubeleji hakuhudhuria yeye mwenyewe. Lakini mkutano ulipokwisha, shirika lake lilikuwa limekwisha kutambuliwa na mataifa makubwa kuwa mtawala wa bonde la Kongo. Mezani pale hapakuwa na Mkongo hata mmoja, wala Mwafrika ye yote.

Habari hiyo naieleza darasani kila mwaka. Mwaka mmoja msichana mmoja aliinua mkono, akauliza: «Mwalimu, kama wangaliandika maneno mema tu, ingekuwa haki?» Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu maneno mema waliyaandika kweli. Katika fungu la sita la mapatano yale waliahidi kuwalinda wenyeji, kutengeneza hali ya maisha yao, na kusaidia kuondoa utumwa. Soma fungu hilo peke yake, utadhani limeandikwa na rafiki zetu.

Yaliyofuata twayajua. Nchi nzima ilifanywa shamba la mtu mmoja. Watu walilazimishwa kutafuta mpira msituni. Wasiotimiza kipimo walipigwa, wake zao walifungwa, na wengine walikatwa mikono. Hali hiyo ilipigiwa kelele na wageni walioiona, wamisionari wengine wakiwamo, hata mwaka 1908 serkali ya Ubeleji ikaitwaa nchi kutoka mkononi mwa mfalme wake. Fungu la sita lilikuwapo siku zote hizo. Halikumzuia mtu, maana wale walioahidiwa hawakuwa na mahali pa kusimama na kusema: «Mliahidi, nanyi hamkutenda.»

Hapo ndipo nilipopata jibu la kumpa yule msichana. Ahadi iliyofanywa juu ya mtu asiyekuwapo haina mlinzi.

Nani ameshika kisu?

Wanafalsafa wa kale walisema kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Aristotle alifundisha hivyo huko Ugiriki, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilifafanua fundisho hilo katika karne ya 13. Wakagawa haki katika namna mbili zinazotufaa hapa. Ya kwanza ni haki ya kubadilishana: nakupa kilo moja ya kahawa, nawe unipe bei iliyo sawa nayo, bila kuchezea mizani. Ya pili ni haki ya kugawanya: kitu ni cha wote, basi kila mmoja apate fungu linalompasa.

Kila mwindaji anazijua namna hizo mbili, hata kama hajui majina yake. Lakini mwindaji anajua pia neno la tatu. Nyama ikiisha kulazwa juu ya majani, watu wote hutazama jambo moja: ni nani ameshika kisu? Mwenye kisu akiwa mwema, tutashiba leo. Kesho akiwa mchoyo, tutafanya nini? Wema wake si dawa ya kutosha. Dawa ni kwamba wote walioizunguka nyama wanaweza kusema, na wakisema wanasikilizwa, na mwenye kisu akikosa anaweza kunyang'anywa kisu.

Haki, basi, yauliza nani apate nini. Demokrasia yauliza nani aamue. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja kama miguu miwili. Ukikata mmoja, utaruka kidogo kisha utaanguka.

Waliojua kabla ya Berlin

Wengine husema: «Tusiwahukumu watu wa 1885, nyakati zile hawakujua.» Ninaposoma vitabu naona kwamba walijua, au walau waliweza kujua.

Mwaka 1539, katika chuo kikuu cha Salamanca, Hispania, padri mmoja Mdominikani jina lake Francisco de Vitoria alitoa mafundisho juu ya wenyeji wa Amerika, ambao Wahispania walikuwa wamewateka. Alisema wazi kwamba watu wale walikuwa wenye mali na nchi yao kwa haki kabla Wahispania hawajafika. Kutokuwa wakristu hakukuiondoa haki hiyo. Wala kaisari si bwana wa dunia nzima, wala Papa si mtawala wa dunia kwa mambo ya kidunia. Maneno hayo aliyasema katika nchi ile ile iliyokuwa ikitajirika kwa dhahabu ya Amerika. Ni kweli, Vitoria aliacha milango mingine wazi: alikubali kwamba wageni wakizuiwa kusafiri, kufanya biashara au kuhubiri, vita yaweza kuwa halali. Walioitaka dhahabu waliweza kuingilia mlango huo.

Mwaka 1795 Immanuel Kant, Mjerumani, aliandika kitabu kidogo juu ya amani ya kudumu. Humo alisema kwamba mgeni ana haki ya kutotendewa kama adui anapofika nchi ya wengine, lakini haki yake ni ya kutembelea tu. Akayalaumu mataifa ya biashara ya Ulaya, ambayo kwao kutembelea na kuteka vilikuwa kitu kimoja, na wenyeji walihesabiwa kuwa si kitu. Sisi twasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Kant alikataa jembe, akatwaa shamba.

Ebu tuhesabu. Toka Vitoria mpaka Berlin ni karibu miaka 350. Toka Kant ni 90. Elimu ya haki ilikuwapo vitabuni, lakini wale ambao haki hiyo iliwahusu hawakuwapo mezani.

Meza mbili za Brussels

Twende sasa mwaka 1960. Tarehe 20 Januari ilifunguliwa Brussels ile tuliyoizoea kuiita Meza ya Mviringo. Safari hii Wakongo walikuwapo. Vyama vyao vilikuwa vikishindana sana nyumbani, lakini huko vilifanya jambo la akili: vilisema kwa sauti moja. Walidai kwanza kwamba lo lote litakalopatanwa litendwe kweli, lisiwe shauri la kupewa serkali ya Ubeleji ilitazame tu. Walidai pia Patrice Lumumba atolewe kifungoni aje kukaa nao, naye akatolewa, akaja. Mkutano ulipofungwa tarehe 20 Februari, siku ya uhuru ilikuwa imekwisha kuwekwa: 30 Juni 1960.

Watu wengi husimulia meza hiyo na kunyamaza juu ya meza ya pili. Mwezi wa Aprili na Mei mwaka ule ule palikuwa na mkutano mwingine hapo Brussels, juu ya uchumi: makampuni, madeni, hisa, fedha ya nchi. Wakuu wa vyama walikuwa mbioni kutafuta kura, maana uchaguzi ulikuwa mwezi wa Mei. Mahali pao walikwenda hasa vijana, wengi wao wakiwa wanafunzi. Upande wa pili waliketi Wabeleji wenye vitabu vya hesabu na uzoefu wa miaka mingi. Nani angewalaumu vijana wale? Katika nchi nzima Wakongo waliokuwa wamemaliza chuo kikuu, ukiacha mapadri, hawakutosha kujaza darasa moja la shule yangu.

Meza ya kwanza ilitupa bendera. Katika meza ya pili viti tulikuwa navyo, lakini daftari za hesabu zilikuwa mikononi mwa wengine. Nalitaja jambo hili si kwa kuwatia aibu wazee wetu, bali kwa sababu lafundisha neno ambalo methali yetu hailisemi: mtu aweza kuwapo, na bado lake lisiwepo. Kiti peke yake hakitoshi. Yatakiwa pia kujua kinachoandikwa.

Meza za leo

Leo meza za mataifa ni nyingi. Nitazitazama mbili tu.

Ya kwanza ni Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi San Francisco tarehe 26 Juni 1945. Kongo iliingia tarehe 20 Septemba 1960. Katika Baraza Kuu nchi ni 193, na kila nchi ina kura moja. Je, hiyo ni demokrasia? Nchi ya Nauru, kisiwa chenye watu elfu kumi na zaidi kidogo, ina kura moja. Uhindi yenye watu zaidi ya bilioni 1.4 ina kura moja. Ukihesabu nchi, ni sawa. Ukihesabu watu, Mhindi mmoja ameachwa mbali sana nyuma ya mtu mmoja wa Nauru. Lakini ukisema tupige kura kwa wingi wa watu, nchi ndogo zote zitamezwa. Wanafalsafa hawajaimaliza shida hiyo, nami sitajifanya nimeimaliza.

Katika Baraza la Usalama jambo ni wazi zaidi. Lina viti 15, na nchi tano zina kura ya turufu: Marekani, Urusi, Uchina, Ufaransa na Uingereza. Moja ikikataa, neno limekufa. Katika hizo tano hakuna hata nchi moja ya Afrika. Na baraza hilo ndilo lililoleta askari wa kulinda amani kwetu toka 1960 mpaka 1964, na tena kuanzia 1999. Mwezi wa Juni 2025 Kongo ilichaguliwa kukaa humo miaka miwili, 2026 na 2027. Ni neno la kushukuru. Lakini ni kiti cha kuazimwa, kisicho na turufu.

Meza ya pili ni Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo sisi huliita FMI. Lilipangwa Bretton Woods, Marekani, mwezi wa Julai 1944. Humo kura hufuata fungu la fedha ambalo kila nchi imeweka. Marekani peke yake ina kama kura moja katika kila sita. Maneno makubwa yahitaji kura 85 katika 100. Basi Marekani ikikataa, hayapiti. Fungu la Kongo halifiki hata nusu ya kura moja katika 100.

Wakulima wa kahawa wataelewa upesi. Katika koperativa, mwenye miti 50 na mwenye miti 5 000 wana kura moja moja. Katika kampuni, mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti. FMI inafanana na kampuni. Mtu atasema: «Mwenye fedha ndiye atakayeumia ikipotea, ni haki asikilizwe zaidi.» Neno hilo lina maana. Lakini mkopeshaji akikosea, atapungukiwa na fedha. Mkopaji akikosewa, mishahara ya waalimu itakatwa, na wagonjwa wataambiwa walipe kabla ya kulazwa. Ndiyo maana wanafalsafa wengi wa siku hizi wameweka kanuni hii: anayeguswa na uamuzi sharti awe na sauti katika uamuzi. Kwa kadiri anavyoguswa, si kwa kadiri alivyo tajiri.

Mambo yamesogea kidogo. Mwezi wa Septemba 2023 Umoja wa Afrika ulipewa kiti katika kundi la nchi ishirini za uchumi mkubwa. Mwezi wa Novemba 2024 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipata kiti cha tatu katika halmashauri inayoongoza FMI. Tusidharau hatua hizo, wala tusizicheze ngoma kabla ya wakati.

Mbuzi wa wizi

Sasa nafika kwenye fundisho lililonigusa kuliko yote.

Mmarekani John Rawls alitoa mwaka 1971 kitabu kikubwa juu ya haki. Shauri lake nawaeleza wanafunzi hivi. Ndugu wanne wanagawa shamba la baba yao, lakini hakuna ajuaye atapewa kipande gani. Hapo kila mmoja atakata kwa uangalifu, maana hata kipande kibaya chaweza kumwangukia yeye. Sheria zilizo za haki, asema Rawls, ni zile ambazo tungezikubali tukiwa hatujui kama tutazaliwa matajiri au maskini.

Wengi walitazamia kwamba atalitumia shauri hilo kwa dunia nzima. Mwaka 1999 alitoa kitabu juu ya sheria ya mataifa, akakataa. Alisema utajiri wa taifa watoka hasa katika desturi zake na utawala wake. Basi mataifa mengine yapaswa kuwasaidia walioelemewa mpaka waweze kusimama wenyewe katika utawala wa haki, kisha msaada ukome.

Mwanafunzi wake, Mjerumani Thomas Pogge, alimjibu, naye namwona kama aliitazama Kongo alipoandika. Hoja yake naieleza kwa mfano wetu. Mtu akiiba mbuzi wako akampeleka sokoni, anayemnunua kwa kujua ni mshiriki wa wizi. Sheria itamshika naye. Lakini katika soko la mataifa, mtu akiishika nchi kwa bunduki, siku ya pili anatambuliwa kuwa mwenye haki ya kuuza shaba yake na kukopa kwa jina lake. Wanunuzi wanalipa, benki zinakopesha, na deni linaandikwa juu ya watu ambao hawakuulizwa. Kwa hiyo, asema Pogge, ninyi mataifa tajiri msiseme tu kwamba maskini wana utawala mbaya. Kanuni zenu zinampa mtu tamaa ya kuunyakua utawala kwa nguvu, kwa kuwa faida inamngoja.

Mobutu alishika nchi tarehe 24 Novemba 1965, akaiacha mwezi wa Mei 1997. Alikopeshwa miaka na miaka na watu walioijua vizuri hali ya nchi. Deni lilibaki, likaongezeka kwa riba na kwa vita. Mwezi wa Julai 2010 wakopeshaji walikubali kutufutia dola kama bilioni 12.3. Wengi waliita hiyo huruma. Mimi nauliza kwa unyenyekevu: mtu akikufutia deni la mbuzi ambaye hukumla, hiyo ni huruma, au ni haki iliyochelewa?

Walakini Rawls naye tusimtupe. Wanunuzi wa nje wasingefika popote bila wauzaji wa ndani. Mlango wa nyumba yetu ulifunguliwa pia na mikono yetu. Ndiyo maana demokrasia ya nyumbani na haki ya nje haziwezi kutengana: taifa lisiloweza kuwauliza wakuu wake litauzwa, hata kama soko la dunia lingetengenezwa leo.

Bomba la maji

Mambo hayo makubwa hushuka mpaka kijijini. Mwaka 2005, huko Paris, nchi zinazosaidia na nchi zinazosaidiwa zilipatana kwamba anayesaidiwa ndiye awe mwenye mipango, na msaada uifuate. Mapatano hayo yalitiwa nguvu Accra mwaka 2008, na tena Busan mwaka 2011. Maneno mema, tena ya kweli.

Miaka michache baadaye shirika moja la kigeni, ambalo silitaji jina, lilileta maji ya bomba katika kijiji kimoja cha milima yetu. Akina mama walikuwa wamekwisha kusema mara nyingi wanapotaka maji: juu, karibu na chemchemi ya zamani, ambako watoto huteleza wakati wa mvua. Mabomba yalijengwa chini, kando ya barabara, mahali gari linapofika. Watu waliitwa mkutanoni siku ambayo karatasi zilikuwa zimekwisha kutiwa sahihi. Waliambiwa mambo mawili: wapige makofi, na walete mchanga na mawe kwa salongo. Katika ripoti hiyo iliitwa kuwashirikisha wananchi.

Maji yalitoka karibu miaka miwili. Kisha koki moja ikavunjika. Bei yake haikuzidi bei ya kuku wawili. Haikununuliwa. Nilimwuliza mama mmoja sababu, akanijibu bila hasira: «Mwalimu, hili si letu. Wenyewe watarudi.»

Katika bonde la pili, akina mama watano waliingizwa katika halmashauri tangu siku ya kupima njia ya maji. Walibishana na fundi, wakashinda mara moja, wakashindwa mara moja. Wakaweka sanduku, kila nyumba ikatoa kidogo kila mwezi. Huko maji yanatoka mpaka leo. Mabomba ni ya namna moja na fundi ni yule yule. Tofauti ni nani alikuwapo siku ya kuamua.

Upanga wa makali mawili

Ndugu zangu, elimu hii ina makali pande zote mbili. Ni rahisi kuinyoshea kidole Berlin. Lakini tuangalie barza zetu. Wanaume wameketi mbele juu ya viti. Mama aliyelima shamba linaloamuliwa amesimama nyuma, na akisema huambiwa aseme kwa kifupi. Mbuti aliyezaliwa katika msitu ule ule tunaougawa hata hakuitwa. Tukifanya hivyo, tumejenga Berlin ndogo mlangoni petu, na hatuna kinywa cha kuishitaki ile kubwa.

Kanisa nalo limefundisha juu ya jambo hili kwa maneno yasiyofichika. Mwaka 1891 Papa Leo XIII alisema kwamba mfanyakazi mwenye njaa akikubali mshahara mdogo kupita kiasi, kukubali kwake hakuufanyi mshahara huo kuwa wa haki. Tarehe 26 Machi 1967 Papa Paulo VI alilichukua neno hilo akaliweka juu ya mataifa: nchi mbili zikiwa hazilingani kabisa kwa nguvu, sahihi mbili juu ya karatasi hazitoshi kuyafanya mapatano yawe ya haki. Na Papa Yoane XXIII, tarehe 11 Aprili 1963, alifundisha kwamba mamlaka ya kuangalia mema ya dunia nzima yahitajika, lakini sharti yaundwe kwa mapatano ya mataifa yote, yasiletwe kwa nguvu ya wachache. Mkataba wo wote wa madini, wa mkopo au wa msaada waweza kupimwa kwa maneno hayo.

Maswali matatu

Kwa hiyo nawashauri wasomaji jambo moja jepesi. Katika jumuiya zenu, katika koperativa, katika halmashauri ya shule, mkiletewa mpango wo wote, uwe mdogo au mkubwa, ulizeni maswali matatu kabla ya kupiga makofi.

La kwanza: Nani alikuwapo ulipopangwa, na nani hakuitwa?

La pili: Nani anazijua hesabu zake, na je, zimesomwa kwa lugha ambayo sote twaisikia?

La tatu: Ahadi ikivunjwa, nani ataweza kusimama na kusema, na atasemea wapi?

Mpango ukiyajibu yote matatu, upokeeni kwa furaha na mfanye kazi. Usipoyajibu, msiukatae kwa kelele. Ombeni siku nyingine ya mkutano, na siku hiyo mje pamoja na wale ambao hawakuitwa. Vijana wanaosoma nawaomba zaidi: jifunzeni hesabu na sheria, maana meza ya pili ya Brussels hufunguliwa kila mwaka mahali fulani, na kuna mtu wa nyumbani kwenu ambaye neno lake litakuwapo ikiwa ninyi mtakuwapo.